Mashine Kuukuu ya Mashua Yataka Mwenyewe Mwangalifu

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukweli wa methali hii huonekana kila mahali pauzwapo mashine za mashua. Mvuvi husimama mbele ya dirisha la duka, Kisumu au Mombasa, akaitazama mashine mpya ing'aayo, akauliza bei, akashukuru, akaenda zake. Fedha ya kununulia mashine kama ile huenda ikapita mapato yake ya mwaka mzima. Jioni hiyo hiyo husikia kwamba pana mtu auzaye mashine ya zamani, iliyokwisha kupita katika mikono ya watu wawili au watatu, kwa sehemu ndogo tu ya bei ile. Basi swali lake ni moja: je, mashine hiyo itamlisha yeye na watoto wake, au itammalizia akiba yake na kumwacha katikati ya maji?

Jibu la swali hilo halimo katika umri wa mashine peke yake. Limo zaidi katika mikono ya mtu aliyekuwa nayo, na katika mikono ya mtu aichukuaye. Ziko mashine za mapigo mawili zilizotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita ambazo bado huwaka kwa mvuto wa pili au wa tatu wa kamba. Tena ziko nyingine za juzijuzi zilizokufa kabla ya miaka miwili, kwa sababu mwenyewe hakujua kupima mafuta, au alijua asijali.

ASILI YA MASHINE HIZI

Mtu atajwaye sana katika habari za mashine hizi ni Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima alikuwa fundi wa mitambo katika mji wa Milwaukee. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia kuvuka ziwa ili kumletea mchumba wake barafu tamu ya maziwa, na aliporudi barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Tangu siku hiyo akafikiri juu ya mashine ndogo iwezayo kuangikwa kwenye tezi ya mashua yo yote na kuondolewa tena. Mwaka 1909 alianza kuziuza mashine zake.

Katika Uingereza mashine zilizojulikana kwa jina la Seagull zilianza kutengenezwa mwaka 1931. Zilikuwa mashine za namna nyepesi kueleweka, hazina urembo, na watu wengi walizipenda kwa sababu mtu mwenye spana chache aliweza kuzifungua na kuzifunga mwenyewe. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1996. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya mashua mwaka 1960, na baada ya hapo mashine za Kijapani za mapigo mawili zilienea sana katika Afrika, baharini na katika maziwa. Na lile jina la kwanza la Evinrude, lililodumu zaidi ya miaka 100, liliachwa mwaka 2020 wakati wenye kiwanda walipoacha kutengeneza mashine hizo.

Mnunuzi mwenye akili hujifunza jambo moja katika habari hizo. Kabla ya kuuliza bei ya mashine, na aulize kwanza vipuri vyake vyapatikana wapi. Mashine ya bei ndogo isiyo na vipuri ni chuma tu cha kufungia nanga.

KUNUNUA KWA MACHO NA KWA MASIKIO

Achukuliwe mvuvi mmoja wa kisiwa cha Rusinga awe mfano. Mashua yake ni ya mbao, nayo ni nzima. Shemeji yake ni karani katika Homa Bay, mtu aliyeweka akiba yake kidogo kidogo. Wawili hao wapatana kununua mashine ya nguvu za farasi 15, yenye silinda mbili. Karani atoa fedha nyingi zaidi, na mvuvi atoa mashua na kazi. Mapato yatagawanywa baina yao. Ni mapatano mema, lakini yategemea kitu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao akijuaye sawasawa, yaani hali ya ile mashine.

Wafanye nini kabla ya kutoa fedha? Kwanza, waitake mashine ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hawajafika huenda ana jambo la kuficha, maana mashine mbovu yaweza kuwaka vizuri ikiwa na joto na kukataa kabisa ikiwa baridi. Pili, wavute kamba polepole. Mkono uhisi ukinzani wa kila silinda kwa zamu, na ukinzani huo uwe sawa. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo ataweza kuwaambia kwa hesabu. Silinda mbili zisitofautiane kupita sehemu 10 au 15 katika 100.

Tatu, wafungue plagi na kuzitazama. Plagi yenye rangi ya kahawia yaonyesha kwamba mashine inaungua vizuri. Plagi nyeusi yenye mafuta mafuta yaonyesha kwamba petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Plagi nyeupe kama chokaa ni ishara ya hatari, kwa kuwa yaonyesha joto jingi mno ndani ya silinda. Nne, watie mashine ndani ya pipa la maji na kuiacha iende kwa dakika 15 na zaidi, kisha waizime na kuiwasha tena papo hapo ikiwa na joto.

Tano, walegeze parafujo ya chini ya giaboksi na kuangalia oili itokayo. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia na sili zimechakaa. Oili ikiwa na vipande vya chuma ving'aavyo, meno ya gia yanakwisha. Sita, watazame vichwa vya parafujo na nati. Vikiwa vimekwaruzwa na kuharibiwa, mashine hiyo imefunguliwa mara nyingi na mtu asiye fundi.

Jambo la saba si la chuma. Wizi wa mashine umewafukarisha wavuvi wengi katika Ziwa Victoria. Mnunuzi asiyetaka hati ya mauzo, wala kuandika namba ya mashine, wala kuwaita mashahidi, huenda akajikuta ameshika mali ya mtu mwingine. Fedha yake itapotea, na jina lake jema nalo litapotea.

MAPIGO MAWILI MAANA YAKE NINI?

Injini za motakaa nyingi ni za mapigo manne. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja, na oili yake hukaa mahali pake chini ya injini, mbali na petroli. Injini ya mapigo mawili ni tofauti. Moto huwaka kila mara pistoni inapofika juu. Petroli na hewa hupitia kwanza katika chumba cha chini cha injini, kisha husukumwa juu ndani ya silinda kupitia matundu yaliyo ubavuni. Kwa sababu hiyo mashine huwa nyepesi, ina viungo vichache, na nguvu zake ni nyingi kwa kadiri ya uzito wake.

Lakini chumba kile cha chini hakina akiba ya oili. Beringi, pistoni na kuta za silinda hupata mafuta ya kulainisha kutoka katika petroli yenyewe tu. Kwa hiyo oili hapana budi ichanganywe na petroli kabla ya safari. Asahauye kuchanganya amewanyima chakula viungo vyote vya mashine kwa wakati mmoja.

Kipimo chake ni kipi? Si kimoja kwa mashine zote, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mashine nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 zilitaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Mashine nyingi za Marekani za miaka ya 1950 zilitaka sehemu 24 kwa 1. Seagull nyingi za zamani zilitaka sehemu 10 kwa 1, na za baadaye sehemu 25 kwa 1. Afuate kitabu cha mashine yake mwenyewe, wala asifuate maneno ya jirani aliye na mashine ya namna nyingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa jerikani la lita 20, kipimo cha 50 kwa 1 chataka mililita 400 za oili. Kipimo cha 25 kwa 1 chataka mililita 800. Kipimo cha 10 kwa 1 chataka lita 2 kamili. Na ipatikane chupa moja itiwe alama kwa rangi, isitumiwe kwa kazi nyingine yo yote. Kwanza itiwe petroli kidogo jerikanini, kisha oili yote, litikiswe vizuri, kisha petroli iliyobaki iongezwe na litikiswe tena.

Oili nayo iwe ile ya mashine za mapigo mawili zinazopozwa kwa maji, ambayo kopo lake huwa na alama ya TC-W3. Oili ya motakaa haifai. Ina dawa ndani yake ambazo zikiungua huacha majivu juu ya pistoni na plagi. Tena petroli inunuliwe mahali paaminifu, maana petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hudhuru mashine. Udanganyifu huo ulienea hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wadanganyifu wakose faida ya kuyachanganya.

SIKU MOJA YA KUPUNGUZA MAFUTA

Wale wawili wa Rusinga walinunua mashine yao, nayo ilikuwa njema. Miezi minne ilienda bila taabu, na karani akaanza kuhesabu siku ambayo fedha yake ingekwisha kurudi. Kisha siku moja mvuvi aliugua homa, akawatuma vijana wake wawili kwenda kutazama nyavu upande wa Mfangano. Kopo la oili lilikuwa karibu tupu. Kijana aliyechanganya petroli lita 10 alipaswa kutia mililita 200. Alitia iliyobaki koponi, kadiri ya vijiko vichache, akaona rangi imebadilika kidogo, akaridhika.

Kwa muda wa nusu saa mashine ilienda kama kawaida, pengine hata kwa wepesi zaidi. Kisha sauti yake ikageuka ikawa nyembamba, mwendo ukapungua ingawa hakuna mtu aliyepunguza petroli, na mara ikasimama. Kamba ilipovutwa haikuja hata kidogo. Jua lilikuwa linashuka, na upepo wa jioni umeanza kuinua mawimbi. Makasia mawili yaliyokuwa chini ya mbao ndiyo yaliyowaokoa, lakini hawakufika nchi kavu mpaka usiku mwingi, mikono yao imechubuka, na mama yao amesimama ufuoni na taa muda mrefu.

Karani alipofika mwisho wa juma, maneno yalikuwa machache. Mvuvi alisema, "Shemeji, fedha yako imekufa, na mimi ndimi niliyeiua." Karani alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Vijana wamerudi wazima. Mengine na tumsikilize fundi kwanza."

Fundi aliifungua mashine. Silinda moja ilikuwa nzima. Katika nyingine pistoni ilikuwa imekwaruzwa kutoka juu hata chini, na ukuta wa silinda umeshika madini ya pistoni. Haikuwa kufa kabisa. Silinda iliweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni na ringi zenye unene uliozidi kidogo, kwa maana viwanda hutengeneza pistoni za namna hiyo kwa kusudi hilo hasa. Lakini gharama yake ingeweza kununua oili ya miezi mingi. Kijana aliponya vijiko vya oili, akapoteza silinda.

Tangu siku hiyo kanuni ikaandikwa na kubandikwa ukutani: mtu mmoja tu huchanganya, huchanganya kwa chupa yenye alama, na huandika katika daftari siku na kipimo. Akiwa hayupo, mashua haiendi.

MAJI YA KUPOZA

Mashine ya mashua haina rejeta kama motakaa. Huvuta maji ya bahari au ya ziwa kwa bomba dogo lililo juu ya giaboksi. Ndani ya bomba hilo mna kitu cha mpira chenye mabawa, kiitwacho impela. Kikikatika au kukauka, mashine hupata moto na kukwama, hata kama oili imetiwa sawasawa.

Kwa hiyo mara tu mashine inapowaka, jicho la kwanza la mwenyewe liangalie maji yatokayo nyuma yake. Katika mashine nyingi hutoka kama uzi mwembamba. Yakikoma, izimwe papo hapo. Mara nyingi kisa ni taka tu, kama matope, mfuko wa plastiki, au mizizi ya gugu maji, lile jani lililoonekana katika Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980 na ambalo limeyaziba maji mengi ya ghuba ya Winam. Lakini ikiwa njia ni safi na maji hayaji, basi impela imekwisha. Yafaa ibadilishwe kila mwaka kabla haijakatika, kwa kuwa bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya pistoni. Wala mashine isiwashwe kamwe nje ya maji, hata kwa kuijaribu kidogo tu. Mpira uendao pasipo maji huungua kwa muda mfupi sana.

Watu wa Lamu, Kilifi na Vanga wana adui mwingine, naye ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka ndani ya njia za kupozea huacha chumvi, na chumvi huziba na kula madini. Baada ya kazi mashine na iendeshwe katika pipa la maji matamu kwa dakika chache, kisha ifutwe na kupakwa mafuta kidogo mahali pa chuma kitupu. Kipande kile cha zinki kilichofungwa chini kimewekwa kwa kusudi, ili chumvi ikile chenyewe mahali pa kula mashine. Kisipakwe rangi, na kikipungua hata nusu kiwekwe kipya.

CHECHE, GIA NA RAFADHA

Mashine ikikataa kuwaka, mtu asivute kamba mpaka bega limtoke. Atafute mambo mawili kwa utaratibu: cheche ipo? petroli ipo? Ili kuijua cheche, plagi hufunguliwa, ikaunganishwa na waya wake, ikaegemezwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha kamba ikavutwa. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Isipokuwapo, ajaribu plagi mpya kwanza, maana kosa la bei ndogo hutafutwa kabla ya kosa la bei kubwa. Katika mashine za zamani sana zenye pointi chini ya gurudumu la sumaku, pointi zikishika kutu au zikipoteza nafasi yake, cheche hupotea. Nafasi hiyo katika mashine nyingi za namna hiyo ni kama nusu milimita.

Cheche ikiwapo na mashine bado haiwaki, kosa liko kwa petroli. Huenda ina maji, au imekaa miezi mingi ikageuka kuwa gundi ndani ya kabureta. Dawa ya jambo hili ni kulizuia: kabla ya kuiweka mashine muda mrefu, bomba la petroli litolewe na mashine iachwe iende hata izime yenyewe, ili kabureta libaki tupu.

Oili ya giaboksi si oili ya kuchanganya na petroli. Ni nzito, nayo hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi au kila miezi sita. Parafujo zote mbili hufunguliwa, ya juu na ya chini. Oili mpya hutiwa kwa tundu la chini mpaka itokeze juu, ili hewa isibaki ndani.

Rafadha, ambayo wengi huiita propela, katika mashine nyingi ndogo hushikwa na pini moja laini. Ikigonga jiwe au gogo, pini hukatika na gia husalimika. Mvuvi asiye na pini ya akiba hutia msumari wa chuma kigumu akajiona mwerevu. Siku atakapogonga tena, msumari hautakatika. Yatakatika meno ya gia. Pini tatu mfukoni ni nyepesi kuliko giaboksi jipya.

IKIANGUKA MAJINI

Parafujo za kubana mashine kwenye tezi hulegea kwa mtikisiko. Basi mashine ifungwe pia kwa mnyororo au kamba imara kwenye mashua. Walakini ikitumbukia, bado yaweza kuponywa, mradi mwenyewe afanye haraka.

Ioshwe kwa maji matamu. Plagi zitolewe, mashine igeuzwe na kamba ivutwe polepole mpaka maji yote yatoke. Ikikataa kuzunguka, isilazimishwe, hasa ikiwa ilianguka huku inakwenda, maana huenda konrodi imepindika. Kabureta lisafishwe, sehemu za umeme zikaushwe, oili itiwe ndani ya silinda, na mashine iwashwe siku hiyo hiyo ili joto lake likaushe unyevu uliobaki. Adui mkubwa ni hewa baada ya maji. Mashine iliyoopolewa na kuachwa juani mpaka kesho hushika kutu katika beringi zake. Kama hapana fundi karibu, ni heri kuiacha ndani ya pipa la maji matamu mpaka fundi afike.

DAFTARI LA MASHINE

Mkulima mzuri huandika siku ya kupanda na siku ya kupalilia. Mwenye mashine naye afanye vivyo hivyo. Ukurasa mmoja uwe wa saa za kazi, mwingine wa petroli na oili, mwingine wa matengenezo. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya mapigo mawili huweza kunywa lita 6 au 7 kwa saa ikiendeshwa kwa nguvu zake zote. Mwendo ukipunguzwa kidogo, petroli hupungua sana na dakika zinazopotea ni chache. Mtu asiyeandika hatalijua jambo hilo, ataona tu kwamba fedha haikai.

Katika daftari la wale wa Rusinga mna safu moja iliyoandikwa na karani kwa wino mwekundu: "Fungu la mashine." Kila juma, kabla ya kugawana, huondolewa fedha kidogo ambayo si ya mvuvi wala si ya karani. Ni ya impela, ya plagi, ya sili, na ya siku ile ambayo mashine itakoma kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na siku hiyo itafika. Haifai kuficha kwamba mashine hizi za zamani zina hasara yake. Petroli isiyoungua hupita pamoja na moshi na kuingia majini, na sehemu hiyo yaweza kufika robo ya petroli yote iliyotiwa. Kwa sababu hiyo Marekani ilitoa sheria mwaka 1996 ya kupunguza moshi wa mashine za mashua, na viwanda vikageukia zaidi mashine za mapigo manne na nyingine zenye moshi mchache. Mwenye mashine kuukuu hawezi kuibadili asili yake. Awezalo ni kutozidisha oili kupita kipimo, kutomwaga petroli na oili chafu ziwani, na kuweka akiba kwa ajili ya mashine iliyo bora.

ROHO NI BORA KULIKO MASHINE

Mambo ya mwisho ni machache, nayo hayahitaji fundi. Kila mtu chomboni avae jaketi la kuokolea maisha. Makasia au tanga visiachwe nyumbani kwa sababu pana mashine. Petroli igawanywe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la tatu lisiguswe ila kwa shida. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutulia chini ya mashua usionekane. Kwa hiyo tenki lijazwe nje ya mashua, na pasiwe na sigara wala taa ya moto karibu. Tena mtu aliye ufuoni aambiwe mashua yaenda wapi na yatarajiwa saa ngapi.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mvuvi huweza kwenda mbali kadiri apendavyo, lakini kuna watu wanaomngojea arudi. Ile mashine ya Rusinga bado inafanya kazi, na silinda yake moja ni mpya kuliko nyenziwe. Chupa yenye alama ya rangi nyekundu hutundikwa msumarini karibu na mlango. Yule kijana aliyepunguza oili siku ile ndiye sasa aliyekabidhiwa chupa hiyo, na mvuvi asema hajapata kumwona akipima bila kuinua chupa mpaka alama iwe sawa na jicho lake.